Kuzuia, Kutoka na Kutoa: Tatizo la Istilahi katika Mjadala wa Vidonge vya Dharura

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza maneno yanayotumika nchini Tanzania kuzungumzia vidonge ambavyo mwanamke humeza baada ya kujamiiana ili asishike mimba asiyoitarajia. Mjadala juu ya vidonge hivyo, yaani nani avipate, avipate wapi na kwa idhini ya nani, umeingia katika mikutano ya hadhara, nyumba za ibada, vyumba vya walimu na vipindi vya redio. Makala haya hayakusudii kuumaliza mjadala huo. Mkuza istilahi hana mamlaka ya kuwaamulia wananchi lipi jema na lipi baya. Linalomhusu ni kwamba watu wanaobishana wawe wanabishana juu ya kitu kimoja, na kwa bahati mbaya katika jambo hili mara nyingi sivyo ilivyo. Mmoja husema dawa, mwingine husikia uhalifu.

Tuchukue mfano wa kata ya Samuye, katika Wilaya ya Shinyanga. Karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya kiboksi cha dawa aghalabu imeandikwa kwa Kiingereza. Mwongozo wa huduma hutafsiriwa ofisini. Muuguzi huufafanua kwa Kiswahili, muuzaji wa duka la dawa muhimu huufupisha kwa maneno mawili matatu, na msichana anayesimama mbele ya meza ya duka huyapima maneno hayo kwa Kisukuma alichokulia nacho nyumbani. Hivyo dhana moja hupita mikono minne kabla ya kumfikia mwenye haja nayo. Dawa yenyewe hufaa kwa siku chache tu, na kila saa inayopita huipunguzia nguvu. Neno likikosewa njiani, huenda pasiwe na wakati wa kulisahihisha.

2. Maneno ya mjadala na historia yake

Msamiati wa uzazi katika Kiswahili cha serikali haukuanza jana. Chama cha Uzazi na Malezi Bora, yaani UMATI, kilianzishwa mwaka 1959. Katika miaka ya 1970 na 1980 istilahi iliyozoeleka ilikuwa uzazi wa majira. Neno majira lilikuwa na mizizi katika maisha ya mkulima: kuna majira ya kupanda na majira ya kuvuna, na ardhi nayo huachwa ipumzike. Taratibu istilahi hiyo ilisukumwa kando na uzazi wa mpango, neno la zama za mipango na takwimu. Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu ilitolewa mwaka 1992, na mwaka uliofuata Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati, ambao ulizifikisha dhana za uzazi wa mpango na Ukimwi hadi vijijini.

Katika ukanda huu wa Shinyanga na Geita maneno hayo yalipata uzito wa pekee katika miaka ya karibuni. Mnamo Septemba 2018, akiwa Meatu, Rais John Magufuli aliwaambia wananchi kwamba wanaotumia uzazi wa mpango ni wavivu wanaoogopa kazi ya kulisha watoto wao. Mwezi huohuo Wizara ya Afya ilisimamisha matangazo ya redio na televisheni ya uzazi wa mpango yaliyokuwa yakifadhiliwa na Marekani. Julai 2019, akiwa Chato, Mkoa wa Geita, Rais huyo alirudia wito wake wa kuzaa kwa wingi ili kujenga uchumi. Mnamo Oktoba 2022, mwezi ambao matokeo ya sensa yalitangazwa kuonyesha kwamba nchi ina watu 61,741,120, Rais Samia Suluhu Hassan alizuru mkoa huohuo wa Geita na kuwataka wananchi wapunguze kasi ya kuzaa, kwa kuwa madarasa, maji na zahanati haviwezi kuikimbilia kasi hiyo.

Hatuna nia ya kupima siasa ya kauli hizo. Tunachokiona ni suala la lugha. Magazeti ya nje yaliyatafsiri maneno ya Chato kwa kutaja ovari, kiungo ambacho katika Kiswahili cha mkutano wa hadhara hakina jina lake peke yake. Mwananchi wa kawaida husema kizazi, na kizazi ni mji wa mimba, ni uwezo wa kuzaa, na ni watu wa rika moja. Anaposikia kufunga kizazi, anaweza kuelewa upasuaji wa kudumu, au sindano ya miezi mitatu, au kidonge kimoja kilichomezwa usiku wa jana. Mambo hayo matatu ni tofauti kabisa, lakini yote yamefungwa katika fundo moja la maneno. Mjadala wa vidonge vya dharura umekulia ndani ya fundo hilo.

Wala si mjadala wa wenye nafasi tu. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa bado na wilaya za Meatu, Maswa, Bariadi na Bukombe, asilimia 59 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kitaifa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Hadi Novemba 2021 msichana wa shule aliyepata mimba alifukuzwa na hakuruhusiwa kurejea katika shule ya serikali. Kwa watu hawa tofauti ya maneno ni tofauti ya maisha.

3. Dhana yenyewe

Istilahi nzuri haiwezi kuundwa kabla ya dhana kueleweka. Yafaa basi tueleze kwa ufupi kile tunachotaka kukipa jina.

Katika kila mzunguko wa mwezi, yai la mwanamke hupevuka na kutoka katika ovari. Mbegu za mwanamume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke kwa siku kadhaa zikilingoja yai hilo. Ndiyo maana kati ya kujamiiana na kurutubishwa kwa yai kunaweza kuwa na nafasi, na ni katika nafasi hiyo dawa hufanya kazi. Vidonge vinavyotumika zaidi vina kichocheo kiitwacho levonojestreli. Kipimo chake ni miligramu 1.5 kwa mara moja, au vidonge viwili vya miligramu 0.75 kila kimoja. Kazi yake kubwa ni kuchelewesha au kuzuia yai lisitoke. Yai lisipotoka, mbegu hazina cha kurutubisha. Vidonge hivi vilikusudiwa kumezwa ndani ya saa 72. Shirika la Afya Duniani hukubali vitumike hadi siku 5, lakini mapema ni bora zaidi. Kuna pia dawa ya ulipristali, ambayo hufaa hadi saa 120, na kitanzi cha shaba, ambacho kikiwekwa ndani ya siku 5 ndicho chenye mafanikio makubwa kuliko njia zote za aina hii.

Mambo mawili yasisitizwe. Kwanza, mwanamke ambaye tayari ana mimba akimeza levonojestreli, mimba hiyo haitatoka. Pili, vidonge hivi havizuii virusi vya Ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa, na havikukusudiwa kuwa njia ya kila siku ya kupanga uzazi.

Ugumu wa dhana hii haukutokea kwetu peke yetu. Kwa miaka mingi kibandiko rasmi cha dawa hiyo nchini Marekani kilikuwa na maneno yaliyodokeza kwamba huenda dawa ikazuia yai lililorutubishwa lisijishikize katika mji wa mimba. Maneno hayo machache yakawa silaha mikononi mwa pande zote za mjadala. Mnamo Desemba 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo iliyaondoa, kwa sababu ushahidi wa kisayansi haukuyaunga mkono. Nchini Honduras dawa hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2009, na marufuku hayo yakaondolewa Machi 2023. Ni dhahiri kwamba sentensi moja ya maelezo inaweza kufungua au kufunga mlango wa duka la dawa.

4. Majina yaliyopo na kasoro zake

(a) P2. Hili ndilo jina linalotawala mitaani, Tanzania na Kenya pia. Asili yake ni Postinor-2, jina la biashara la vidonge vinavyotengenezwa na kiwanda cha Gedeon Richter cha Hungaria, na tarakimu 2 ilihusu vidonge viwili vya kiboksi. Leo hutumika kwa dawa yoyote ya aina hiyo, hata yenye kidonge kimoja. Jina hili lina sifa ambazo mkuza istilahi hana budi kuzikiri. Ni fupi, na msichana anaweza kulitamka mbele ya wateja wengine bila kuona haya. Lakini halisemi lolote. Halina neno dharura, wala halina neno kuzuia. Mtu anaweza kumeza P2 kila wiki bila jina hilo kumwonya hata mara moja, na hicho ndicho walimu na wazazi wengi wanachokilalamikia.

Tusisahau funzo la Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, wananchi waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la aina ya nguo iliyokuwa ikiletwa na wafanyabiashara wa mpakani. Jina hilo nalo lilikuwa la biashara, na nalo halikusema kitu juu ya maradhi. Lilipokuja neno Ukimwi, ambalo herufi zake zinabeba maelezo ya Upungufu wa Kinga Mwilini, likashika nchi nzima. Wananchi hawakatai istilahi yenye maana. Hukataa istilahi ndefu isiyotamkika.

(b) Kidonge cha asubuhi. Jina hili ni tafsiri ya sisisi ya jina la mitaani la Kiingereza. Kasoro yake ni ya hatari. Mwanamke aliyeamka akaona asubuhi imekwisha kupita atadhani amechelewa, hali bado ana siku kadhaa. Aidha, mwingine atangoja asubuhi ifike, hali angeweza kumeza usiku uleule.

(c) Vidonge vya baada ya tendo. Jina hili linaeleza wakati, lakini linaelekeza kwamba kila tendo lifuatwe na kidonge. Linaigeuza dharura kuwa desturi.

(d) Kinga ya dharura. Kwa mtazamo wa kwanza jina hili linavutia. Kinga ni neno letu, na methali yatuambia kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Lakini neno kinga limekwisha kushikwa na msamiati wa Ukimwi. Tumia kinga maana yake ni tumia kondomu. Dawa kinga ni dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi. Mtu aliyebakwa anapofika hospitali anastahili kupewa mambo mawili kwa haraka: dawa ya kumkinga na virusi, ambayo lazima ianze ndani ya saa 72, na vidonge vya kumzuia asishike mimba ya mbakaji. Tukiviita vyote viwili kinga ya dharura, atakuja siku moja mtu atakayepewa kimoja na kudhani amepata vyote. Kwa sababu hiyo pekee jina hili lapaswa kukataliwa.

(e) Dawa ya kuzuia mimba ya dharura. Hili huonekana katika maandishi mengi, na kasoro yake ni ya kisarufi. Nomino dawa na nomino mimba ziko katika ngeli moja, na viambishi vyake vya upatanisho ni sawa. Je, kitu gani ni cha dharura hapo, dawa au mimba? Msomaji anaweza kabisa kuelewa kwamba kuna mimba ya dharura, na kwamba dawa inaizuia, yaani mimba ipo tayari. Tukisema vidonge vya kuzuia mimba vya dharura, kiambishi vya kinatuokoa, kwani hakiwezi kuambatana na mimba. Tukisema vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, utata unaondoka hata masikioni mwa mtu asiyejali upatanisho. Watafsiri waangalie sana mfano huu. Ngeli zetu ni hazina ya kuondolea utata, ila tukizitumia kwa pupa huuzalisha.

(f) Kusafisha. Neno hili husikika kwa uficho. Hospitalini kusafisha kizazi ni kazi ya daktari baada ya mimba kuharibika. Mitaani ni tafsida ya kutoa mimba. Mtu akiliunganisha na vidonge vya dharura huwa amekwisha kuvuka mpaka ambao sehemu ifuatayo inaueleza.

5. Kutoka na kutoa mbele ya sheria

Unyambuaji wa vitenzi vya Kiswahili unaweka tofauti kubwa ndani ya silabi moja. Mimba imetoka: hakuna mtendaji, ni msiba uliompata mama. Mimba imetolewa: mtendaji yupo, hata kama hatajwi. Ametoa mimba: mtendaji ametajwa, naye ni mama mwenyewe. Karani anayejaza daftari la wagonjwa, akiandika imetolewa mahali pa imetoka, ameandika shtaka bila kujua.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalitazama jambo hili kwa ukali. Kwa kifungu cha 150, mtu anayetenda kwa nia ya kumtoa mwanamke mimba isivyo halali anaweza kufungwa miaka 14. Kwa kifungu cha 151, mwanamke anayejitendea hivyo anaweza kufungwa miaka 7. Kwa kifungu cha 152, mtu anayempa mwingine kitu huku akijua kwamba kimekusudiwa kazi hiyo anaweza kufungwa miaka 3. Kifungu cha 230 kinamlinda daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chake kinatumia neno moja kwa yale ambayo Kiswahili huyatenga kuwa kutoka na kutoa. Tangu Sheria Na. 1 ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kazi ya kuyatenga hayo imewaangukia watafsiri wa serikali.

Sasa tuangalie kinachotokea dukani. Tuseme msichana anahitaji vidonge vya dharura. Hana mimba, na dawa anayoitaka haiwezi kutoa mimba. Lakini hajui jina jingine, basi anasema, “Kaka, naomba ile dawa ya kutoa mimba.” Muuzaji mwenye hofu ya sheria atamfukuza. Muuzaji asiye na hofu anaweza kumpa misoprostoli, dawa halali ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, ambayo kweli inaweza kutoa mimba na isiyotakiwa kutumika bila uangalizi. Katika hali zote mbili msichana ameponzwa na neno. Tukumbuke kwamba maneno ya kifungu cha 150 na cha 152 hayajali kama mwanamke ana mimba au hana. Yanaangalia nia, na katika kifungu cha 152 yanaangalia alichokijua mtoaji. Ombi lililotamkwa vibaya linaweza kumfanya muuzaji mwaminifu aonekane kuwa alijua kitu ambacho hakikuwapo.

Kwa upande mwingine wapo wanaoitumia tafsida kinyume. Huuza dawa ya kutoa mimba wakiiita ya kuzuia. Wapinzani wa vidonge vya dharura wana haki kulilalamikia hili. Hapa basi wapinzani na watetezi wana maslahi mamoja: wote wanahitaji kuzuia kuwe kuzuia, na kutoa kuwe kutoa.

6. Mimba hutungwa lini?

Pingamizi zito kuliko yote hutoka kwa waumini. Kanisa Katoliki, lenye hospitali na zahanati nyingi nchini, lilithibitisha mwaka 1968 katika waraka wa Papa Paulo VI, Humanae Vitae, kwamba haliafiki njia za kubuni za kuzuia mimba. Kwa mafundisho yake uhai wa binadamu huheshimiwa tangu yai linaporutubishwa. Wanatiba kwa kawaida huhesabu mimba tangu yai lililorutubishwa linapojishikiza katika mji wa mimba. Wanazuoni wa Kiislamu nao wamejadili suala la kuzuia mimba tangu karne za mwanzo za dini hiyo, na wengi wameliruhusu kwa mume na mke wanaoridhiana.

Kiswahili kinasemaje? Kiswahili husema mimba hutungwa. Kutunga ni kupitisha uzi katika shanga moja baada ya nyingine. Ni kutunga utenzi ubeti baada ya ubeti. Na jipu nalo hutunga usaha. Kitenzi hiki kinaonyesha jambo linaloundwa hatua kwa hatua, wala hakisemi ni hatua ipi iliyo ya kwanza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 26, imeweka mwanzo wa uhai wa mtu katika kutungwa kwa mimba, lakini haikueleza kama kutungwa huko ni kurutubishwa au kujishikiza. Katiba ya Tanzania inalinda haki ya kuishi bila kutaja mwanzo wake.

Baadhi ya watu wangependa lugha itoe hukumu: kwamba tuunde istilahi itakayosema waziwazi kuwa mimba haijaanza, au kwamba imekwisha kuanza. Mwandishi wa makala haya haafiki. Istilahi inayobeba hukumu ya upande mmoja hukataliwa na upande wa pili siku hiyohiyo, na tutarudi katika hali ya kila kundi kuwa na jina lake. Lililo jema ni kuipa kila hatua jina lake: kupevuka kwa yai, kutoka kwa yai, kurutubishwa kwa yai, kujishikiza kwa yai. Mwalimu na muuguzi wakiwa na maneno hayo manne, wanaweza kueleza dawa fulani hufanya kazi katika hatua gani, na kumwachia msikilizaji apime kwa dhamiri yake na imani yake. Kwa sasa mwanafunzi husoma habari za uzazi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hukutana na hatua hizi kwa Kiingereza sekondari. Wengi humaliza masomo bila kuwa na maneno ya kumweleza mama yake.

Neno dharura nalo linahitaji uangalifu. Katika ofisi zetu tuna mkutano wa dharura na ruhusa ya dharura, yaani jambo la haraka lisilotarajiwa. Katika fikihi ya Kiislamu dharura ni haja kubwa inayoweza kuhalalisha kile ambacho kwa kawaida hakiruhusiwi. Msikilizaji wa pwani anaweza kuisikia maana hiyo ya pili. Hatuoni kwamba ni kasoro. Maana zote mbili zinabeba onyo lilelile, kwamba jambo hili si la kila siku. Onyo hilo ndilo linalokosekana katika P2.

7. Mapendekezo

Kutokana na maelezo hayo, tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe. Haya ni maoni ya mwandishi, wala si uamuzi wa Baraza.

Njia ya dharura ya kuzuia mimba: njia yoyote, kidonge au kitanzi, inayotumika baada ya kujamiiana na kabla ya siku 5 kupita ili mimba isitungwe.

Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba: vidonge vinavyotumika kwa kazi hiyo. Mpangilio wa maneno usigeuzwe. Kwa mazungumzo ya kawaida vifupishwe kuwa vidonge vya dharura, wala visiitwe dawa ya dharura, maana dawa za dharura hospitalini ni nyingi.

P2: jina la mitaani la vidonge vya dharura. Lisitumike katika sheria, mitihani wala miongozo, ila katika mabango na mafunzo litajwe pamoja na istilahi kamili ili mwananchi ajue ni kitu kilekile.

Kitanzi cha shaba: kifaa kidogo kinachowekwa na mtaalamu ndani ya mji wa mimba, chenye waya wa shaba.

Mimba kutoka, au kuharibika kwa mimba: mimba kukoma yenyewe bila kukusudiwa.

Kutoa mimba: kuikomesha kwa makusudi mimba iliyopo. Lisitumike kamwe kwa vidonge vya dharura.

Kufunga kizazi: upasuaji wa kudumu wa kuzuia uzazi, wa mwanamke au wa mwanamume. Lisitumike kwa vidonge, sindano, vipandikizi wala vitanzi, ambavyo vikiachwa uwezo wa kuzaa hurejea.

Dawa kinga: ibaki kuwa ya kuzuia virusi vya Ukimwi peke yake.

Kuna pingamizi moja linalostahili kujibiwa. Mtu aweza kusema kwamba hata kuzuia kuna utata, kwa maana mkunga humwambia mama mwenye maumivu kwamba atampa dawa ya kuizuia mimba, akikusudia isitoke. Ni kweli. Lakini katika matumizi hayo mkunga daima hutaja mimba iliyopo, nasi tunaweza kumwomba aseme dawa ya kushikilia mimba. Pale ambapo utata unaweza kuleta madhara, kama katika maelezo ya dawa, maneno isitungwe yaongezwe: vidonge hivi huzuia mimba isitungwe, haviitoi mimba iliyokwisha kutungwa. Sentensi hiyo moja, ikibandikwa ukutani katika kila duka la dawa muhimu kuanzia Samuye hadi machimbo ya Geita, ingefanya kazi kuliko hotuba nyingi.

8. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba sehemu kubwa ya ubishi juu ya vidonge vya dharura inatokana na maneno kuvuka mipaka ya dhana zake. Jina la biashara limechukua nafasi ya maelezo, kiambishi ya kimezaa mimba isiyokuwapo, na silabi moja imetenganisha msiba na kosa la jinai. Ubishi wa kweli, ule wa imani, wa malezi ya vijana na wa wingi wa watu, utabaki, na ni haki ubaki, kwa maana ni mambo ya kuamuliwa na wananchi wenyewe. Ila waamue wakijua wanachokizungumzia.

Walimu, watafsiri na watumishi wa afya wanaombwa kuzijaribu istilahi hizi kazini. Jaribio ni rahisi: msomee istilahi mtu mzima asiyejua Kiingereza, kisha mwombe akueleze kwa maneno yake mwenyewe kitu hicho hufanya nini na hutumika lini. Akijibu kwamba hutoa mimba, istilahi imeshindwa. Akijibu kwamba hutumika kila siku, imeshindwa pia. Majibu yaletwe kwa Baraza yakiwa pamoja na jina la kata na lugha inayozungumzwa hapo, ili istilahi itakayopitishwa iwe imekwisha kupita masikioni mwa wale itakaowahudumia.